Kwa nini jaribio lile lile hufaulu kwenye kompyuta moja na kufeli kwenye nyingine

Tuchukue programu ya mezani ya kuandaa ankara, yenye jaribio moja dogo la kiotomatiki. Jaribio linaingiza bidhaa mbili, linabofya kitufe cha kujumlisha, kisha linahakiki kwamba sehemu ya jumla imeandikwa 1,250.50. Msanidi aliyeko Arusha huliendesha kila siku na halijawahi kumsumbua. Mwenzake wa Lubumbashi analipakua, hagusi hata herufi moja ya msimbo, na linafeli palepale: lilitarajia 1,250.50, limepata 1.250,50. Hesabu haina kosa. Tofauti ni kwamba kompyuta ya Lubumbashi imewekwa Kiswahili cha Kongo, na katika CLDR, hifadhidata ya desturi za lugha na maeneo inayotumiwa na Java, Android na vivinjari vikubwa, Kiswahili cha Kongo hutenganisha maelfu kwa nukta na desimali kwa mkato, ilhali Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya hufanya kinyume chake.

Kufeli kwa namna hii kunaweza kuwa na maana mbili, na sehemu kubwa ya fujo inayozunguka majaribio ya kiotomatiki hutokana na kuzichanganya. Maana ya kwanza ni kwamba jaribio limeegemea mpangilio fulani wa kompyuta bila kuutaja, kwa hiyo lenyewe ndilo lenye kasoro. Maana ya pili ni kwamba programu ndiyo inayoharibika mbele ya mtumiaji mwenye mpangilio ule, na jaribio limefanya kazi yake sawasawa. Mfano wa ankara unaweza kuangukia upande wowote. Ikiwa 1.250,50 ni maandishi ya kwenye skrini, programu imefuata desturi ya mtumiaji wa Lubumbashi na jaribio ndilo la kurekebishwa. Ikiwa ni thamani inayoandikwa kwenye faili itakayosomwa na mfumo mwingine unaotarajia nukta ya desimali, basi programu imetoa faili ambayo itakataliwa au, vibaya zaidi, itasomwa kuwa moja na robo. Ujumbe wa kufeli ni ule ule, uamuzi ni tofauti kabisa. Ndiyo maana sikubaliani na mazoea ya kuliendesha tena jaribio lililofeli mpaka lipite, wala ya kulizima kwa hoja kwamba "kwangu linafanya kazi". Mazoea hayo hufuta swali kabla halijajibiwa.

Mipangilio ya lugha na eneo ni chanzo kikubwa cha kufeli huku, na inastahili kutazamwa kwa ukaribu kwa sababu athari zake hujitokeza mahali ambapo hakuna anayetazamia. Kalenda ni mfano mmoja. Kwa mujibu wa CLDR, juma nchini Kenya huanza Jumapili na nchini Tanzania huanza Jumatatu. Jaribio linalobofya kisanduku cha kwanza cha juu kwenye kalenda ili kuchagua tarehe litachagua siku moja Mombasa na siku nyingine Tanga, ingawa kompyuta zote mbili zinaonyesha Kiswahili. Ripoti inayojumlisha mauzo ya "juma hili" nayo itatoa jumla mbili tofauti kutokana na data ile ile, na zote mbili zitakuwa sahihi kwa desturi ya mahali zilipotolewa.

Mfano unaojulikana zaidi miongoni mwa wasanidi ni wa Kituruki. Kituruki kina herufi mbili tofauti za i: yenye nukta na isiyo na nukta. Herufi kubwa I inapogeuzwa kuwa ndogo kwa kanuni za Kituruki huwa ı, isiyo na nukta, na si i. Sasa fikiria kwamba programu yetu ya ankara hupokea nembo ya kampuni, hugeuza jina la faili kuwa herufi ndogo, kisha huangalia kama linaishia na .gif. Mtumiaji mwenye kompyuta ya Kituruki akiweka NEMBO.GIF, jina linageuka kuwa nembo.gıf, ulinganisho unashindwa, na ankara inatoka bila nembo wala ujumbe wowote wa hitilafu. Hapa jaribio linalofeli kwenye kompyuta ya Kituruki linasema kweli tupu. Anayelinyamazisha kwa kuilazimisha kompyuta ya majaribio itumie Kiingereza ameficha kasoro, naye mtumiaji wa mji wa Ankara au wa Izmir ndiye atakayekutana nayo.

Kutaja lugha kwa jina nako hakutoshi wakati wote. Windows humruhusu mtumiaji kubadilisha vipengele vya eneo lake kimoja kimoja: anaweza kubaki na Kiingereza cha Marekani lakini akaweka alama yake mwenyewe ya desimali, au akaandika tarehe kwa kuanza na mwaka. Katika .NET, jukwaa la Microsoft la kuandikia programu, anayeunda kitu cha CultureInfo (kinachobeba desturi za lugha) kwa jina "en-US" pekee hupata pamoja nacho mabadiliko hayo binafsi, iwapo ndiyo lugha ambayo mtumiaji ameichagua kwenye mfumo. Ili kuyaepuka ni lazima kutumia GetCultureInfo, au kuongeza thamani ya false inayokataa mabadiliko ya mtumiaji. Jaribio lililoandikwa kwa uangalifu wote, lenye jina la lugha lililotajwa waziwazi, linaweza bado kufeli kwenye kompyuta ya mhasibu mmoja aliyebadilisha alama ya desimali miaka mingi iliyopita na kusahau.

Tena kuna nyakati ambapo mtumiaji hajabadilisha lolote, na desturi zenyewe ndizo zilizobadilika chini yake. Java 9, iliyotoka mwaka 2017, ilihamia kwenye data za CLDR kama chaguomsingi, na vifupisho vya miezi pamoja na sura ya tarehe vikabadilika katika lugha kadhaa. Java 20 ya mwaka 2023 ilipochukua toleo la 42 la CLDR, nafasi iliyo kabla ya AM na PM katika saa za Kiingereza iliacha kuwa nafasi ya kawaida na kuwa nafasi nyembamba isiyokatika, herufi yenye namba U+202F. Majaribio yaliyolinganisha saa kama maandishi yalianza kufeli kwa ujumbe unaochanganya sana: kilichotarajiwa ni 3:00 PM, kilichopatikana ni 3:00 PM. Kwenye skrini mistari hiyo miwili inafanana kabisa. Mtu anaweza kuikodolea macho kwa muda mrefu bila kuona kitu, mpaka aamue kuchapisha namba ya kila herufi.

Saa na tarehe zina mtego unaotuhusu sana sisi wa Afrika Mashariki. Saa zetu ziko mbele ya UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima, kwa saa tatu, mwaka mzima, bila kusogezwa mbele wala nyuma. Uthabiti huo ni mzuri kwa maisha, lakini huficha makosa ya aina mbili. La kwanza ni la usiku: kuanzia saa sita hadi saa tisa usiku, tarehe ya Dar es Salaam imeshasonga ilhali ya UTC bado ni ya jana, na seva nyingi huendeshwa kwa UTC. Jaribio linaloandika ankara ya "leo" na kuitafuta kwenye orodha ya "leo" litapita mchana kutwa, kisha lifeli kwa yule anayefanya kazi usiku wa manane. La pili ni dhana kwamba kila siku ina sekunde 86,400. Nchini Ujerumani, Jumapili ya mwisho ya Oktoba ina saa 25. Ukianza saa sita kamili ya usiku unaoifungua Jumapili hiyo na kuongeza sekunde 86,400 ili kupata kesho, unatua saa tano usiku ya Jumapili ile ile. Msanidi wa Nairobi hawezi kuliona kosa hili kwa kuendesha jaribio kwenye kompyuta yake, hata aliendeshe mwaka mzima.

Skrini ina matatizo ya namna nyingine. Windows huchukulia ukubwa wa asilimia 100 kuwa nukta 96 kwa inchi, na kompyuta nyingi za mkononi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa asilimia 125 au 150 ili maandishi yasomeke. Jaribio lililorekodiwa kwa kubofya mahali fulani, tuseme pikseli 400 kutoka kushoto na 300 kutoka juu, litakosa kitufe kwenye kompyuta ya asilimia 125, kwa kuwa kitufe hicho sasa kiko 500 kwa 375. Wengine hujaribu kutatua hili kwa kuzidisha. Njia hiyo hufika karibu, lakini kitu chenye upana wa pikseli 25 huwa 31.25, na kila programu hukata hiyo robo kwa namna yake. Isitoshe, programu isiyojitangaza kuwa inaelewa ukuzaji huambiwa na Windows kwamba nukta bado ni 96, kisha picha yake huvutwa ili ijaze nafasi. Zana ya majaribio inayoelewa ukuzaji ikikutana na programu isiyouelewa, kila moja inataja mahali kwa vipimo vyake, na kielekezi kinabofya pembeni ya kitufe huku ripoti ikisema kwamba kitufe kimebofywa.

Majaribio yanayolinganisha picha za skrini pikseli kwa pikseli huteseka zaidi. Windows hulainisha kingo za herufi kwa ClearType, inayotumia rangi ndogo zilizo ndani ya pikseli. MacOS iliacha mtindo wa namna hiyo kama chaguomsingi tangu toleo la Mojave mwaka 2018. Linux hutegemea jinsi kila msambazaji alivyopanga fonti zake. Sentensi ile ile, kwa fonti ile ile, hutoa picha tatu zisizolingana ambazo jicho la mtu haliwezi kuzitenganisha. Fonti inapokosekana na nyingine kuchukua nafasi yake, hali ni mbaya zaidi, kwani upana wa maneno hubadilika, mstari mmoja huwa miwili, na kitufe kilichokuwa kikionekana kinasukumwa chini ya ukingo wa dirisha. Hali nyeusi ya skrini nayo huangusha jaribio lolote linalodhani kwamba usuli ni mweupe.

Kuna pia suala la ni dirisha lipi linapokea vitufe vya kibodi kwa wakati fulani. Windows huzuia programu iliyo nyuma isijilete mbele yenyewe. Mara nyingi aikoni yake humeremeta tu kwenye upau wa kazi, na maandishi ambayo jaribio linadhani linayaingiza kwenye fomu huenda yakaishia kwenye barua pepe ambayo msanidi alikuwa akiiandika. Katika Linux kuna watu waliochagua dirisha lililo chini ya kipanya ndilo lipokee vitufe, kwa hiyo mahali kipanya kilipoachwa huamua matokeo ya jaribio. Kwenye Mac, kitufe cha Tab kwa chaguomsingi hupita kwenye visanduku vya maandishi na orodha bila kugusa vitufe vya kwenye skrini, mpaka mtumiaji awashe uelekezaji kwa kibodi. Halafu kuna aina ya kibodi yenyewe: zana inayotuma kitufe kwa mahali kilipo badala ya herufi inayotakiwa itaandika "yaidi" pale ilipokusudia "zaidi" kwenye kibodi ya Kijerumani, ambako Z na Y zimebadilishana nafasi. SWTBot, zana ya kujaribu programu zilizojengwa juu ya Eclipse, ina mpangilio maalumu wa kutaja aina ya kibodi kwa sababu hiyo hasa.

Mambo ya faili yanajulikana zaidi na tiba zake ni rahisi, kwa hiyo nitayapitia haraka. Jina la mtumiaji lenye nafasi ndani yake, kama "Bi Asha", huvunja amri zisizozungushiwa alama za nukuu. Windows na macOS kwa kawaida hazitofautishi Ripoti.txt na ripoti.txt, lakini Linux hutofautisha. Git, zana ya kutunza matoleo ya msimbo, kwenye Windows inaweza kugeuza miisho ya mistari wakati wa kupakua, na faili ya mfano ikaacha kulingana na matokeo; faili ya .gitattributes inayotaja eol=lf humaliza tatizo hilo kwa kila mtu. Orodha iliyopangwa kwa kanuni za C, mpangilio wa msingi usiofuata lugha yoyote ya watu, humweka Zuberi mwenye herufi kubwa kabla ya amina mwenye herufi ndogo, na kanuni za Kiingereza humweka baada yake.

Baada ya kuona vyanzo, tiba inaanzia ndani ya msimbo na si kwenye jaribio. Sehemu ya programu inayokokotoa na kuumbiza, yaani kuipa namba au tarehe sura yake ya maandishi, isiulize kompyuta imewekwaje, iambiwe. Katika Java, maandishi yanayokwenda kwenye faili au kwa mfumo mwingine yaumbizwe kwa Locale.ROOT, mpangilio usio wa nchi wala lugha yoyote, na yale ya kwenye skrini yaumbizwe kwa lugha iliyopokelewa kutoka nje ya fanksheni. Saa pia ipokelewe: Java tangu toleo la 8 ina Clock inayoweza kusimamishwa kwenye sekunde moja, na .NET 8 imeleta TimeProvider kwa kazi hiyo hiyo. Mabadiliko haya yakifanyika, sehemu kubwa ya majaribio haihitaji tena dirisha wala skrini. Jaribio la ankara linageuka kuwa majaribio matatu mafupi ambayo kila moja linataja lugha yake: Kiswahili cha Tanzania kitoe 1,250.50, cha Kongo kitoe 1.250,50, na faili itoe 1250.50 popote pale. Sasa Arusha na Lubumbashi hupata majibu yale yale, na tofauti ya desturi iliyokuwa ikiliangusha jaribio imekuwa sehemu ya kinachohakikiwa.

Faida nyingine ya kuanzia hapa ni kwamba mgawanyo wa maana mbili niliotaja mwanzoni unajitokeza wenyewe. Unapolazimika kuandika kwenye kila mwito wa kuumbiza ni lugha ipi unaitaka, unalazimika kujua kama maandishi hayo ni ya binadamu au ni ya mashine. Kasoro nyingi za aina ya NEMBO.GIF hugunduliwa katika hatua hii, kabla jaribio lolote halijaendeshwa.

Yapo majaribio ambayo hayawezi kuepuka mazingira, na hayo yawekewe mazingira yanayojulikana kabla programu haijaanza. Kwenye Linux, vigeu vya LC_ALL na TZ huweka lugha na saa kwa mchakato mmoja tu bila kugusa kompyuta nzima. Java hupokea user.language, user.country na user.timezone kwenye mstari wa amri. Kwa saa ya eneo, andika jina kamili kama Africa/Nairobi au Africa/Dar_es_Salaam. Ufupisho wa mtindo wa POSIX, viwango vya mifumo ya jamii ya Unix, una alama zilizogeuzwa, kiasi kwamba EAT-3 ndiyo saa yetu na EAT+3 ni saa ya upande wa pili wa Atlantiki. Folda ya mipangilio ya programu nayo iwe mpya na tupu kwa kila jaribio, ikielekezwa kupitia XDG_CONFIG_HOME, APPDATA au HOME kadiri ya mfumo, ili ukubwa wa dirisha aliouhifadhi msanidi jana usiamue matokeo ya leo.

Ndani ya mchakato mmoja, tahadhari inahitajika zaidi. Kubadilisha lugha kwa Locale.setDefault huathiri mchakato mzima, kwa hiyo majaribio mawili yanayoendeshwa sambamba, moja la Kituruki na jingine la Kijerumani, yatavurugana, na kufeli kutahama kutoka jaribio moja hadi jingine kila mara. Mabadiliko ya namna hiyo yawekwe kwenye mchakato wake peke yake, au yarudishwe katika sehemu ya usafishaji ambayo huendeshwa hata jaribio linapofeli. Na ninasisitiza kuhusu mipangilio ya mfumo mzima: jaribio lisithubutu kubadilisha mandhari ya Windows, rejista au ubao wa kunakili kwenye kompyuta ambayo mtu anaitumia. Likikatika katikati, mwenye kompyuta anaachiwa mashine isiyo yake. Majaribio ya aina hiyo ni ya mashine pepe inayofutwa baada ya kazi.

Kwa majaribio yanayohitaji skrini, Xvfb hutoa skrini pepe kwenye Linux yenye ukubwa na kina cha rangi unachokitaja, bila kipanya cha mtu wala dirisha la barua pepe. Kwenye Windows kumbuka kwamba tangu Vista huduma za mfumo huendeshwa katika kikao tofauti na cha mtumiaji, na kwamba kikao cha mbali kikikatwa hakibaki na skrini hai ya kubofya; majaribio mengi ya usiku hufeli kwa sababu hiyo tu. Kontena, yaani kifurushi kinachobeba programu pamoja na mazingira yake, nalo lisiaminiwe kupita kiasi. Kontena tupu mara nyingi halina fonti yoyote ya maana na lugha yake ni C, mazingira ambayo hakuna mtumiaji wa programu ya mezani anayeishi ndani yake. Jaribio likipita humo, umejifunza kwamba linapita humo. Weka fonti unazozitegemea ndani ya kontena, na picha za kulinganisha zitunzwe kwa kila jukwaa peke yake, kama Playwright, zana ya kujaribu kurasa za wavuti, inavyofanya kwa kuandika jina la kivinjari na la mfumo kwenye jina la kila picha.

Namna ya kutafuta vitu kwenye skrini hubadilisha uaminifu wa majaribio kuliko zana yoyote ghali. Usibofye mahali; tafuta kitufe kwa utambulisho wake. Windows ina AutomationId katika UI Automation, Linux ina AT-SPI, macOS ina utambulisho wa aina hiyo kwa kila kipengele. Njia hizi zinapita kwenye mifumo ile ile inayotumiwa na visoma skrini, na zana inayokitafuta kitufe kwa njia hiyo haijali ukuzaji, mandhari wala lugha, mradi utambulisho wenyewe usiwe maandishi yanayotafsiriwa. Kuna jambo ninalolipenda hapa: programu ambayo vitufe vyake vinaweza kupatikana na jaribio kwa njia hii huwa imekaribia kutumika na mtu asiyeona, na ile isiyoweza kujaribiwa mara nyingi imemfungia mlango. Kusubiri nako kufuate tukio. Jaribio linalolala nusu sekunde likitarajia dirisha limemaliza kufunguka linategemea kasi ya mashine na kama mtumiaji amezima mijongeo. Linalosubiri mpaka kitufe kiwe tayari halitegemei chochote kati ya hivyo.

Pamoja na hayo yote, timu inayofungia majaribio yake ndani ya mpangilio mmoja pekee itapata ripoti za kijani na watumiaji wenye malalamiko. Uthabiti unahitajika ili kufeli kuwe na maana, na utofauti unahitajika ili kufeli kutokee kabla ya mtumiaji. Kwa hiyo sehemu ndogo ya majaribio iendeshwe kwa makusudi katika mazingira magumu: Kituruki kwa ajili ya herufi, Kijerumani au Kiswahili cha Kongo kwa ajili ya namba, Kiarabu kwa ajili ya dirisha linalosomwa kutoka kulia, saa ya Kathmandu iliyo mbele ya UTC kwa saa tano na dakika 45, ukuzaji wa asilimia 150, na folda ya mtumiaji yenye nafasi na herufi zenye alama. Haihitajiki kuchanganya kila kimoja na kila kingine, kwani mchanganyiko huo hukua haraka kuliko muda wa mashine. Mazingira machache yaliyojaa matatizo kwa pamoja hutoa sehemu kubwa ya faida.

Mradi wa Apache Lucene, maktaba ya kutafutia maandishi, umekwenda mbali zaidi katika njia hii, na nadhani umeonyesha mfano bora kuliko miradi mingi. Majaribio yake huchagua lugha na saa ya eneo kwa bahati nasibu kila yanapoendeshwa, na yanapofeli huchapisha amri kamili ya kurudia hali ile ile: namba ya mbegu ya bahati nasibu (inayowezesha chaguo zile zile kutoka tena), tests.locale na tests.timezone. Sambamba na hilo, mradi hutumia zana ya forbidden-apis inayokataa kabisa msimbo unaogeuza herufi au kuumbiza maandishi bila kutaja lugha. Mambo haya mawili yanategemeana. Bila ile mbegu iliyochapishwa, bahati nasibu ingekuwa chanzo kingine cha majaribio yasiyotabirika. Ikiwapo, mtu yeyote katika bara lolote anaweza kukiona kile kile kilichoonwa na mwenzake.

Timu isiyo na uwezo wa kujenga mfumo wa namna hiyo inaweza kuanza na sehemu yake iliyo rahisi zaidi, ambayo ni kuchapisha mwanzoni mwa kila ripoti lugha, eneo, saa, usimbaji wa herufi, ukuzaji wa skrini, mandhari na toleo la mfumo. Jaribio likifeli kwa mtu mmoja, ripoti mbili huwekwa pamoja na tofauti zake huandikwa. Kisha, kwenye kompyuta ambako jaribio hupita, tofauti hizo huingizwa moja baada ya nyingine: kwanza lugha peke yake, kisha saa, kisha ukuzaji, mpaka ile inayoliangusha ijulikane. Ikipatikana, swali la kama kosa ni la jaribio au la programu huulizwa hapo, na jibu lolote litakalotoka huandikiwa jaribio lake jipya linalotaja mpangilio huo kwa jina, ili kasoro ya NEMBO.GIF iendelee kuhakikiwa kwa tr-TR, yaani Kituruki cha Uturuki, hata kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuonyesha Kituruki.